Ijumaa za Mwalimu Mwenzangu

Mimi ni mtu wa Rongo. Nimekulia kwenye miwa, na mambo ya ziwa nimeyajua ukubwani, nilipohamishiwa shule moja ya kutwa upande wa Magunga kuwa mkuu wa idara ya Kiswahili. Idara yenyewe tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa kike mwenye umri wa kitinda mimba wetu, mzaliwa wa Mbita, mwepesi wa mguu na wa ulimi. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza, ingawa sikumwambia, maana mimi si mtu wa kugawa sifa ovyo.

Mwaka jana mama yake, kule Mbita kando ya ziwa, alipatwa na kiharusi. Mkono ukalegea na maneno yakakatika kabisa, akabaki kumtazama mtu tu. Hospitali walisema maneno yanaweza kurudi, lakini lazima apate mtu wa kukaa naye na kumzungumzisha, na kwamba miezi ya kwanza ndiyo yenye tumaini. Ndugu zake wengine wako Nairobi. Basi mwenzangu akamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuondoka kila Ijumaa adhuhuri na kurudi Jumatatu asubuhi.

Mwalimu mkuu alishika kichwa. Insha je? Sisi walimu wa lugha tunajulikana kwa mifuko yetu ya insha. Tunaibeba kanisani, tunaibeba matangani, tunasahihisha huku ugali unapoa. Ukichukua wikendi ya mwalimu wa Kiswahili, umechukua kazi yake.

"Zitakuwa zimekwisha kabla ya Ijumaa," mwenzangu akasema. "Nina msaidizi."

Msaidizi mwenyewe alikuwa akili unde, ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Nilipandwa na hasira pale pale. Nimefundisha tangu enzi za chaki ya kuhesabiwa, halafu niambiwe watoto wa watu watafundishwa na simu?

"Kuja uone kwanza, Madam, ndio unigombeze," akaniambia.

Nikaenda kuona, tena nimejitayarisha kugomba. Alikuwa anapiga picha insha bila jina la mwanafunzi, anaiuliza mashine darasa zima limekosea wapi zaidi, kisha inampangia makosa mafungu mafungu na kumtungia mazoezi ya kila fungu. Alama hakuiruhusu itoe hata moja. Kila insha aliisoma mwenyewe, ila badala ya kuandika maneno yale yale pambizoni mpaka kidole kife ganzi, alimwandikia kila mtoto jambo moja lililomhusu yeye. Niliazima rundo lake nikasoma. Mtoto mmoja ameandikiwa, "Nyanya yako nimemwona kabisa, sasa nisikie sauti yake." Miaka yangu yote, mimi nilikuwa naandika "jitahidi." Nilirudisha lile rundo, nikaenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba kazi inafanyika.

Mwalimu mkuu hakuridhika na maneno yangu. Akaniagiza nikakae kwenye kipindi cha mwenzangu Alhamisi, kidato cha pili, nimletee jibu: anafundisha kweli au anatucheza shere? Ningesema hafundishi, mwenzangu angelazimika kuchagua, kazi au mama. Yeye mwenyewe alilijua hilo alipoingia darasani na kunikuta nimeketi nyuma.

Sasa, kidato cha pili chetu kilikuwa na ububu wa Kiswahili. Wakati wa mapumziko ni Dholuo, mbele ya mwalimu mkuu ni Kiingereza, na kwenye kipindi chetu ni kutazama dawati. Siku hiyo mwenzangu aligawa ufahamu kuhusu wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, uliotungwa na mashine asubuhi ile ile. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama yake alikuwa ameanguka kutoka kitandani, simu za nyumbani hazikukoma, na ule ufahamu hakuupitia hata mara moja. Angeupitia, mtu wa Mbita kama yeye asingeuleta.

Uliandikwa vizuri ajabu. Mbalamwezi imejaa tele, ziwa linang'aa, wavuvi wanaimba na kuvuta nyavu zilizojaa omena. Mimi mtu wa miwa nilikuwa natikisa kichwa kwa utamu. Mara kicheko kikaanza dirishani, kikasambaa, darasa zima likawa linacheka. Nikamwona mwenzangu anausoma tena ule mstari wa mbalamwezi, uso unamshuka. Alinitazama mara moja tu, na nikajua anaona safari zake za Mbita zikienda hivyo.

Akavuta kiti, akaketi. "Haya. Mnacheka nini? Nani atanieleza?"

Msichana mmoja ambaye sijawahi kusikia sauti yake akasimama. "Mwalimu, hiyo ni uongo. Mwezi ikiwaka, hakuna mtu anaenda omena. Tunawasha taa ndio omena ikuje kwa taa. Sasa kama mwezi iko kila mahali, omena itakuja kwa nani?"

Mwingine akadakia kwamba siku za mwezi baba yake hulala nyumbani na kushona nyavu. Wa tatu akampinga, akaambiwa akae, akakataa kukaa. Walibishana mpaka kengele ikalia, Kiswahili chao kikienda mrama na kusimama tena, na mwenzangu hakukatiza mtu hata mmoja. Aliandika ubaoni maneno waliyoyatafuta wakayakosa, basi. Alipomaliza akawapa kazi: waandike upya ufahamu ule, wamweleze yule aliyeutunga ukweli wa ziwa. Mimi huko nyuma machozi yalinilenga, nikajifanya natafuta miwani.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini.

"Kwa hivyo hiyo mashine inakosea?" mwalimu mkuu akaniuliza.

"Inakosea sana. Mwalimu tunaye. Mwache aende kwa mamake."

Ijumaa hiyo aliondoka adhuhuri, insha zote zimerudi kwa wenyewe. Jumatatu nilimkuta chumba cha walimu, chai imepoa mbele yake. Nikaogopa kuuliza. Akaniambia kwamba Jumamosi alimsimulia mama yake, kwa Dholuo, kile kisa cha kwenye ufahamu. Mama amechuuza omena maisha yake yote. Aliposikia habari za mbalamwezi alikunja uso, akahangaika na mdomo wake kwa muda, mwenzangu akadhani anaumwa.

"Akasema, 'Ooyo,'" mwenzangu akaniambia. Hapana. Ndilo neno la kwanza aliloweza kulitoa tangu augue.