Utando Kwenye Mlango wa Jiko

Mtu anawezaje kupita mlangoni bila kukata utando wa buibui uliotanda toka mwimo hadi mwimo? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi siku tisa mfululizo, hapa Bunia, wakati wa vita. Najua unachofikiri: njaa, woga, huyu aliota. Hapana. Nilisomea biolojia, diploma yangu ninayo hadi leo, na niliyoyaona niliyaona asubuhi, mwanga ukiwepo.

Nyumba yetu ilijaa ndugu waliokimbia Djugu, watoto wakilala chini kwenye mikeka. Mama akaniambia kwamba kama kweli nimesoma mambo ya wadudu, basi niondoe buibui. Wale bapa wanaokaa nyuma ya kalenda niliwaacha, maana wanakula mende. Kwa wale wa miguu mirefu wa darini, ufagio ulitosha. Kuni niliagiza zikung'utwe juani kabla ya kuingizwa, kwa sababu humo hujificha yule mweusi mwenye tumbo la kung'aa, na huyo si wa kuchezea. Alibaki mmoja mkubwa, wa manjano, asiye na madhara, aliyesuka kwenye mlango wa jiko la nje. Ubao wa mlango huo waporaji walikuwa wameshaubeba. Ulibaki uwazi tu.

Humo jikoni mama alikuwa amempa nafasi mwanamke aliyekuja peke yake, akisema ametoka Boga. Tulimwita Mama Neema. Alikuwa mtulivu, mchapakazi. Kila alfajiri alikwenda kuteka maji. Kila asubuhi mimi nilikuta bidoni, dumu lake la maji, imejaa, yeye yumo ndani anawasha moto, na utando mlangoni mzima, una umande. Dirisha hakuna. Niamini, nilizunguka ukuta mara tatu nikitafuta tundu.

Nikajituliza: buibui wa aina ile hula utando wake wa zamani na kusuka mwingine haraka. Huenda alisuka baada ya mama huyo kurudi. Kosa langu likawa mdomo. Nilimsimulia jirani yetu, Mama Sifa, nikitaka kuonyesha elimu. Habari za kusuka upya hakuzisikia. Alisikia mwanamke na utando.

"Na weye uko unalala pale pale?" aliniuliza. "Boga ni mbali, barabara yote iko na waaskari. Alipitia wapi?"

Kweli, alipitia wapi? Hilo nalo likajiunga na lile la kwanza.

Jioni ya siku ya tisa nikamkamata buibui kwa chupa na karatasi, nikatoboa kifuniko, nikamweka chini ya kitanda changu. Utando niliuacha. Ukikatika sasa, hakuna wa kuusuka.

Asubuhi ulikuwa mzima. Na Mama Neema alikuwa nyuma yangu, uani, bidoni kichwani.

"Mutoto yangu," alisema kwa upole, "ule mwenye ananifungiaka mulango, umemupeleka wapi?"

Niliinamisha macho. Nilipoyainua, alikuwa ndani anapuliza moto. Utando haukuwa hata umetikisika.

Maji ya chai hayajachemka, vijana wa ulinzi wa mtaa wakaingia uani na mapanga. Siku zile, aliyetolewa nyumbani na vijana hao hakurudi. Mama yangu alisimama mbele ya jiko, ameshika kikwembe alichojifunga kiunoni kwa mikono miwili. Mkubwa wao nilisoma naye sekondari.

"Prof ya wadudu," alicheka. "Mama Sifa anasema kwenu kuko muntu anapitaka mu utando kama moshi. Siye hatukusoma. Weye sema. Ni muntu, ao hapana?"

Hata hapo kichwa changu kilitaka kumsahihisha: buibui ana miguu minane, si mdudu. Kisha kikaanza kuhesabu. Kama ni mtu, nikisema nilichokiona nimemuua. Kama si mtu, mapanga yatamfanya nini, na wakishaondoka, nani atabaki naye? Mama Neema alinitazama kupitia utando.

"Ni muntu," nilisema. "Akishapita, buibui anasuka tena. Iko mu vitabu."

"Na buibui yenyewe iko wapi?"

"Mchana analala. Amejificha pale juu."

Akainua macho kwenye nyasi za paa, akatafuta, akachoka. "Mambo ya masomo," alisema, na wakaondoka.

Mama Neema naye aliondoka wiki hiyo hiyo, bila kuaga. Sijui nilimlinda nani. Mpaka leo siingii mlango wowote kabla ya kupitisha mkono mbele yangu, na watu hunicheka. Lakini wewe, ukiwa na shaka juu ya mgeni, kaa nayo kwanza. Mimi yangu nilimpa jirani, na ilichukua siku mbili tu kurudi uani kwetu na mapanga. Siku ile niliamua kusema uongo kwa jina la elimu yangu. Nikiulizwa tena, nitausema tena.