Meza ya Ruwais na Kiganja cha Kocha Shen

Elphas alipofika Riyadh mwaka 2013, mkataba ulisema mlinzi, na mlinzi akawa. Alikaa mlangoni mwa ukumbi wa snuka, ule mchezo wa mipira na fimbo juu ya meza, pale Al-Murabba, akiwafungulia wateja mlango wa kioo na kuufunga tena. Mlinzi hana mengi ya kufanya zaidi ya kutazama, basi akatazama. Kila asubuhi alimwona fundi Mpakistani akipiga meza brashi, kisha akipitisha pasi nzito juu ya kitambaa cha kijani, polepole, akielekea upande mmoja tu. Fundi yule aliporudi kwao, bosi akauliza nani anaijua ile kazi. Elphas akasema anaijua. Aliijua kwa macho.

Miaka mitatu akazitunza meza nane bila lawama, lakini ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi, ilibaki ya mlinzi. Basi bosi alipotaka kufungua ukumbi mwingine Jeddah, mtaa wa Ruwais, alimwita.

"Nenda ukaivalishe ile meza kubwa. Kocha Mchina ndiye atakayeifungua. Akiikubali, nakubadilishia ikama, uwe fundi. Akiikataa, halas, unarudi Kenya."

Alienda na Hezron, Mkisii mwenye mdomo, aliyepelekwa kulinda huko. Siku mbili Elphas alikivuta kitambaa, akakipigilia, akapiga pasi, akachora mstari na nusu duara ya kuanzia mchezo kwa chaki ya mafundi cherehani.

"Umeivalisha kama bibi harusi," Hezron akasema. "Sasa mahari analeta nani, Mchina?"

"Nyamaza, nisije nikakosea."

Kocha Shen aliingia baada ya sala ya alasiri, saa moja kabla ya bosi na wageni wake. Alikuwa mwembamba, miaka thelathini hivi, na mkoba mrefu wa fimbo begani. Aliweka kiganja juu ya kitambaa, akakisukuma kuelekea mahali pa mpira mweusi, upande wa pili wa meza, akakirudisha. Akarudia tena.

"Rafiki," akasema kwa Kiingereza chake cha vipande, "kitambaa hiki kinanipinga."

Kitambaa cha snuka kina vinyweleo kama mgongo wa paka. Vinatakiwa vilale kutoka kwenye nusu duara kwenda kwenye mpira mweusi. Vikilala kinyume, mpira wa polepole unapinda njiani, na mchezaji anaonekana mjinga mbele za watu.

Elphas naye akaweka kiganja. Ilikuwa kweli. Na papo hapo akajua alikokosea. Kule Riyadh mlango uko upande wa nusu duara, kwa hiyo miaka yote alikuwa akijiambia kichwani: kutoka mlangoni kwenda ukutani. Hapa pia alikilaza kitambaa kutoka mlangoni. Lakini nusu duara aliichora upande wenye kibao cha jina la meza, kama alivyozoea kuona, na kibao cha hapa kilikuwa ukutani.

"Nimekwisha," akamwambia Hezron.

Kukivua kitambaa na kukivalisha upya ni kazi ya siku nzima, na bosi alikuwa njiani.

Shen alishavua koti. "Brashi iko wapi? Vinyweleo havigeuki, alama zinageuka. Nusu duara tunaileta huku mlangoni."

Wakawa wanafuta chaki pamoja, Elphas akamweleza habari ya ikama, na Shen akaanza kusimulia bila kuulizwa. Alizaliwa mji wa makaa ya mawe, kaskazini mwa China. Akiwa na miaka kumi na miwili baba yake alimtoa shule, akamwacha kwenye ukumbi wa meza arobaini. Asubuhi anapiga brashi, mchana kutwa anacheza. Siku moja alipiga brashi safu nzima kinyume, na mwalimu wake akamrudisha meza kwa meza, amefumba macho, apapase kwa kiganja. Akiwa na kumi na saba alichukua ubingwa wa vijana, akapelekwa Uingereza kucheza kwa kulipwa. Alilala chumba kimoja na Wachina wawili juu ya duka la chipsi, na njia aliyoijua ilikuwa moja, ya ukumbini. Msimu wa tatu alifika kumi na sita bora kwenye mashindano makubwa, baba akaita majirani waone televisheni. Halafu misimu miwili akawa anatolewa raundi ya kwanza, mpaka jina likaondolewa kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa.

"Ulilia?" Elphas akauliza.

"Nililala, siku mbili. Nilikuwa nimechoka kuogopa."

Bosi alipoingia, alama zilishahama na Hezron alikuwa amevigeuza viti vyote vya wageni kufuata upande mpya, jasho likimtoka. Bosi akakitazama kibao.

"Mbona kiko upande ule? Riyadh haiko hivi."

Elphas akasogea karibu na meza.

"Bosi, nilikosea upande wa kitambaa. Kocha ndiye aliyenionyesha. Tumehamisha alama."

Bosi akamgeukia Mchina. "Inachezeka?"

Shen alichukua fimbo, akainama, akaugusa mpira mweupe kidogo tu. Mweupe ukaubusu mwekundu, na mwekundu ukaanza kutambaa polepole kuelekea kona ya mbali, mpaka mgeni mmoja akasahau tende mkononi. Haukupinda. Ulifika ukingoni mwa tundu, ukafikiri kidogo, ukatumbukia.

"Inachezeka," Shen akasema. "Huyu mwache abaki."

"Tayyib. Elphas, Jumapili lete ikama ofisini, tuibadilishe. Yalla, wageni wakae."

Elphas alitoka hadi kwenye ngazi za nje, akaketi. Hezron akaja na sahani ya wali na kuku aliyoichota kwa wageni.

"Kula, fundi. Lakini kesho viti unabeba mwenyewe."

Elphas akacheka mpaka machozi, kisha akala wali wote, akamtuma Hezron alete mwingine.