Msalaba Usio na Pete

Juu ya kilima, nyuma ya mashamba, walizikwa wale waliohamia kutoka mbali, na kila marehemu alisimamishiwa msalaba wa chuma kwa kuwa mawe ya kuchonga hayakupatikana. Sharti lilikuwa moja: vipande vyake vishikwe kwa pete zilizopigwa nyundo zikiwa za moto, visichomelewe kamwe. Na msalaba wa mhunzi hutengenezwa na mwanawe.

Mwana wa mhunzi wa mwisho aliitwa Cheche, jina alilolipata mjini kwenye karakana yake ya mageti. Tangu utoto aliukimbia moshi wa baba yake. "Kuvuta mivukuto ni kazi ya wasio na umeme," aliwaambia rafiki zake, wakacheka pamoja. Sasa baba alikuwa amelala kilimani bila alama, na shangazi yake, aliyebaki peke yake katika nyumba ile, alimwambia Cheche neno moja tu: "Tunakungoja, baba."

Alijaribu. Tanuri la baba likamshinda, chuma kikajikunja kama mkia wa nguruwe, vidole vikaungua. Mwishowe akarudi karakanani, akawasha mashine yake ya umeme, akachomelea, akasugua, akapaka rangi nyeusi mara mbili. Kwa mbali ungekula yamini ni kazi ya mzee.

Majirani walipouona umesimama kaburini walishangilia. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Cheche akatabasamu huku shingo ikimwasha. Kisha shangazi, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufa, alisogezwa mbele, akaupapasa msalaba kuanzia chini. Mkono ulipofika kwenye maungio, ukasimama. Cheche alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Pete ziko wapi, mwanangu?" alimnong'oneza.

"Zimo ndani, shangazi."

Uongo ule ulimchoma kuliko tanuri. Shangazi akawageukia watu. "Huu ni mkono wa kaka yangu hasa!" akasema kwa sauti. Wakapiga makofi, na Cheche akashindwa kumtazama hata mmoja wao usoni.

Walishuka kilima, Cheche akiwa amemshika shangazi mkono. Njiani shangazi akavigusa vile vidole vilivyoungua, kimoja kimoja.

"Kumbe tanuri uliliwasha," akasema. "Sikiliza, baba. Mimi sikujaliwa mtoto, msalaba wangu utautengeneza wewe. Anza kesho. Nitajikaza nisife upesi."