Tawi Alilohama Nalo Koleta

Lori la Operesheni Vijiji lilipofika kwenye kilima kile cha juu ya Rulenge, mwaka 1974, Koleta alikuwa juu ya mkuyu wake, msumeno mkononi. Majirani walikuwa wanang'oa milango na kukata mikungu ya mwisho. Yeye alikuwa anakata tawi.

Halikuwa tawi la kuni. Juu ya gome lake zilishika okidi, maua yanayoota juu ya miti, na katikati yake palikuwa na miche michanga, majani hayajazidi kidole, ambayo haikuwa na mfano katika msitu wowote. Koleta ndiye aliyeifanya iwepo. Kwa miaka minne alikuwa anangoja kitu kimoja kutoka kwenye miche hiyo: ua la kwanza.

Mjane huyu alizijua okidi mbili za pori kama alivyowajua mbuzi wake. Ya kwanza aliitoa msitu wa bondeni, kando ya mto. Maua yake meupe pe hupangana kwenye kikonyo kinachoning'inia, kila ua na mkia mrefu mwembamba kama uzi. Mchana halinuki. Jua likizama ndipo linatoa harufu, maana mgeni wake ni nondo, yule kipepeo wa usiku, na asali yake imefichwa mwisho wa mkia. Uzuri ilikuwa nao, lakini kiangazi kikikaza ilipukutisha majani. Ya pili aliipata Nyamigogo, upande wa Biharamulo, alikoolewa dada yake Leonsia, kwenye miti ya pori kavu. Hiyo ilikuwa fupi, nene ya majani, yenye ua moja au mawili ya rangi ya maziwa mgando. Ila jua la Agosti haikulijali hata kidogo. Koleta akataka uzuri wa mtoni uweze kuishi kwenye ukavu.

Akachukua chavua, ungaunga wa ndani ya ua, ya ile ya pori kavu kwa ncha ya unyasi, akaipaka kwenye ua la ile ya mtoni. Ganda la mbegu lilipopasuka, ndani mlikuwa na vumbi tu, na vumbi hilo ndilo mbegu. Hapo akakosea kosa la watu wa migomba: alilinyunyiza kwenye samadi, kwa sababu kwao samadi ni dawa ya kila kinachoota. Likaoza lote. Aliporudia, alilipaka kwenye gome, pale pale ilipotambaa mizizi ya okidi mama, ile ya mtoni, na miche michache ikajitokeza. Ndiyo hiyo aliyokuwa anaikatia tawi.

Mwenyekiti wa kijiji kipya, Idefonsi, alikuwa amekwisha kumkataza kulihamisha. Alikuwa mchapakazi, tena aliamini kila alichokisema, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu. Mkutanoni alieleza kwamba maua yale yanakaa juu ya mti wa mwingine, hayana shina ardhini, yanastarehe kwa jasho lisilo lao. Huo ni unyonyaji, na kijiji cha Ujamaa hakihamishi wanyonyaji. Wengi walikubali. Walikuwa wamefundishwa vizuri kumtambua kupe, hata wakaanza kumwona kila mahali.

Koleta alisimama. "Ndugu Mwenyekiti, okidi hainyonyi. Mizizi yake imeshika nje ya gome. Inakula mvua, umande na majani yaliyooza. Mti haukosi hata tone."

"Hata kupe anashika nje, Ndugu Koleta."

Watu wakacheka. Akawasubiri wamalize. "Basi mpasue kupe uone damu, halafu upasue mzizi huu. Kisu ninacho."

Idefonsi hakukipokea kisu. Alisema shauri limekwisha, akaenda kwenye ajenda nyingine. Kwa Koleta halikuwa limekwisha.

Utingo wa lori, Msukuma mmoja aliyeitwa Ndassa, alilitazama tawi, akatazama na kitanda kilichokuwa kando yake. "Mama, kwetu kuni tunaokota tukishafika."

"Na kwetu utingo anapakia, hahubiri."

"Nafasi ni ya kimoja. Kitanda au gogo."

Koleta akakiburuta kitanda mwenyewe mpaka ndani ya nyumba tupu, akakiacha huko. Ndassa akauliza upande upi wa tawi ulale juu.

Katika kijiji kipya nyumba zilipangwa mstari mmoja, na mbele yake hapakutakiwa kitu. Koleta alilala juu ya nyasi, lakini nguzo zake alizisimika kwa desturi ya Wahangaza, watu wa kwao, wanapozungushia nyumba boma: mikuyu mibichi, ambayo ukiichimbia huchipua. Alisimika mbili zenye panda, akalilaza tawi juu yake, mbele ya mlango.

Kiangazi kilipokolea, Idefonsi alikuja na mgambo wawili. Wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua mstari, naye alitaka tawi lichomwe. Koleta akaketi chini yake, jembe mapajani.

"Nimehama mliposema hama. Nimejenga kwenye mstari wenu. Shamba la kijiji sijakosa zamu. Hili silitoi."

"Unapinga Ujamaa?"

"Nakupinga wewe. Usijifunike Ujamaa."

Bonifasia, bibi wa nyumba ya pili, akatoka na mkongojo wake. Idefonsi akalazimika kumwamkia. "Marahaba," akajibu bibi. "Sogea, mwanangu, umesimama ninapotaka kukaa." Akakaa. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka shamba la pamoja wakaweka majembe chini, nao wakakaa. Wengine wao bado waliamini kwamba maua yale ni kupe. Walikaa hata hivyo, kwa sababu Ujamaa waliokuwa wameulimia tangu alfajiri ulikuwa wao, na Koleta alikuwa mwenzao. Mgambo mmoja alimwona mama yake kati yao, akarudisha panga kwenye ala.

Idefonsi akalegeza: atampa muda hadi mvua; lisipochanua, litachomwa.

"Sijaomba muda," alisema Koleta. "Lichanue lisichanue, ni langu."

Wageni walikuja, wakahesabu nyumba, wakaondoka. Tawi halikumwagiliwa, nalo lilikaa juani siku zote. Okidi ya mtoni ilipukutisha karibu majani yote. Miche haikuangusha hata moja.

Mvua ziliposhika, mche mmoja ukatoa kikonyo, na jioni moja maua yakafunguka. Hayakuwa meupe pe. Yalikuwa ya rangi ya maziwa, mkia nusu ya ule wa mama. Mwanamke mmoja alisema mama alikuwa mzuri zaidi, na Koleta hakumbishia. Harufu ilifika hadi njiani, na njiani ndipo aliposimama Idefonsi.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Basi sasa umemaliza."

Koleta alikuwa ameshika unyasi wenye chavua ya okidi ya mtoni, iliyokuwa imefunua ua moja dhaifu. Alitaka mkia urefuke. Aliipaka taratibu kwenye ua jipya, akauweka unyasi chini, akachukua jembe na kuanza kuchimba shimo hatua moja zaidi mbele ya mstari.

"Hii nguzo ya tatu ni ya miche inayokuja, Mwenyekiti," alisema bila kuinuka. "Ukitaka kusaidia, nishikie."