Kwenda Bweyeye Kuuliza Mti wa Gitare

Niliondoka Kamembe kwa sababu watu walitaka kumnyima mtoto wangu chakula. Naanza hapo ili msidhani nilikwenda kutembea.

Mtoto ni Keza, ana miaka minne. Baba yake, Justin, alikufa mwaka jana kwa ajali ya pikipiki kwenye kona za kushukia Bugarama. Alituacha na gitare ya umeme, nyekundu, aliyochongewa na fundi wa Bweyeye. Mimi sijui kupiga, basi nikaiazimisha kwaya ya kanisa. Jumapili moja, wakati wa maombi, mpigaji aliiegemeza kwenye stendi yake mbele ya madhabahu, akapiga magoti mbali kama wengine. Ampli, kipaza sauti chake, ilikuwa inawaka. Hakuna mkono uliokuwa kwenye nyuzi. Gitare ikasema.

Ilikuwa sauti nzito, kama ya mwanamume aliyefunikwa blanketi. "Mwana wanjye," ikasema. "Mwana wanjye." Kwa Kinyarwanda ni mwanangu, mwanangu. Keza, aliyekuwa mapajani mwangu, aliinuka, akatazama mbele, akamwita baba yake, "Papa."

Watu walitoka mbio, wengine wakaacha viatu.

Alhamisi yake wakanijia nyumbani watu wa chumba cha maombi. Mbele alikuwa Papa Samweli, kiongozi wao, na nyuma yake mamamkwe wangu, ambaye kwa kuomba anawapita wote. Hawakukaa hata.

"Maman Keza," Papa Samweli akasema, "marehemu anaita mutoto yake. Muntu akiitwa hivi, asipofunguliwa kwa maombi, anakwenda."

"Anakwenda wapi? Ana miaka minne."

"Ndiyo maana tunaharakisha. Hii gitare, kama ni ya umuko, iko mulango ya mizimu. Tutaichoma, na mutoto atafunga siku tatu. Bila chakula, bila maji."

Umuko ni ule mti wa maua mekundu ambao watu wa zamani waliutumia katika ibada za imandwa, mizimu yao. Hata leo kuna wazee wasioutia jikoni kama kuni. Nikawaambia kwamba si umuko, ni umuvugangoma, mti wa kuchongea ngoma. Bwana wangu alinieleza hivyo kwa kinywa chake.

Mamamkwe akanitazama. "Justin alijua kusema uongo kuliko kupiga nyuzi," akasema. "Nenda kwa fundi. Ukirudi na neno lake kwamba si umuko, tutaacha. Ukirudi na umuko, mutoto anafunga."

Nilikubali kwa hasira, maana nilikuwa na hakika. Nikampeleka Keza kwa dada yangu Furaha.

Jumamosi, alfajiri, nilipanda basi la barabara ya msituni, gitare katika mfuko wake wa turubai nimeipakata kama mtoto. Tulipanda mlima kati ya mashamba ya chai mpaka chai ikaisha na msitu wa Nyungwe ukaanza. Huko jua halikuwepo. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, na dereva aliwasha taa asubuhi.

Pindura, kwenye njia panda ya kwenda Bweyeye, nilishuka peke yangu. Palikuwa na kijana mmoja wa pikipiki. Tangu msiba sikuwa nimepanda pikipiki. Nilivaa kofia ngumu ya abiria, nikafunga macho, nikasema twende.

Hatukufika mbali kabla sijaisikia. Haikuanzia masikioni, ilianzia mbavuni. Gitare mgongoni ilikuwa inaunguruma, nyuzi zote pamoja, chini, kama mtu anayeimba mdomo umefungwa. Nikajiambia ni upepo na mtikisiko. Kijana akasimama kufuta kioo cha kofia, akazima injini. Mlio haukuzimika.

"Maman, zima simu yako," akasema.

"Si simu."

"Basi nani anaimba?"

"Gitare. Ni upepo."

Akanyoosha kidole hewani. Ukungu ulikuwa umesimama kama ukuta, hata jani halikuchezacheza. "Upepo gani, Maman?"

Akageuza pikipiki. "Mimi niko na batoto," akasema.

"Hata mimi niko na mtoto! Unaniacha msituni?"

"Hauko peke yako," akasema, akaondoka. Nilimtukana mpaka sauti ya pikipiki ikapotea.

Nikatembea. Barabara ilishuka kati ya miti ambayo sikuona vilele vyake. Kima weusi wenye manyoya meupe mabegani walikuwa wamekaa juu ya matawi, kundi zima, na hata mmoja hakukimbia wala kulia. Waligeuza vichwa tu kunifuata. Nikienda, gitare iliunguruma. Nikisimama, iliendelea kidogo, halafu ikasimama, kama mtu aliyechelewa kujua nimesimama. Kwenye kona moja ule mlio ukabadilika, ukapanda kidogo na kushuka, na nikasikia mwendo wa yale maneno mawili ya kanisani.

Hapo nikauvua ule mfuko, nikauweka chini katikati ya barabara.

"Kama ni wewe, Justin," nikasema kwa sauti, "sema unataka nini na mtoto wangu. Kama huna la kusema, nyamaza, nina safari."

Ilinyamaza. Mpaka natoka msituni haikulia tena, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko mlio.

Mchana nilifika Bweyeye, nikauliza njia, nikapanda kilima cha yule fundi. Jina lake Anastazi, mtu mfupi mwenye macho mekundu ya vumbi la mbao. Kibandani mwake viwiliwili vya gitare vilining'inia kwenye waya, bila shingo wala kichwa, havijapakwa rangi, vikigongana polepole.

"Nimekuja kuuliza mti," nikamwambia.

Kabla sijamaliza kufungua mfuko alishaitambua. "Ya Justin! Yeye hajambo?"

"Amekufa."

Akakaa juu ya gogo. Alitaka kunipa pole ndefu, nikamkatiza. Nikamweleza ya kanisani na ya Keza, na kwamba mtoto atakula au hatakula kwa neno lake. Hakucheka. Alisimama, akashika kiwiliwili kimoja kwenye waya na kukigonga kwa kifundo cha kidole.

"Gereveriya. Sikia."

Sauti ilikuwa kavu, ikakatika mara moja. Mbao yenyewe ilikuwa na madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Akagonga cha pili, chekundu, chenye mistari inayobadilika ukikigeuza kwenye mwanga. "Umuyove. Huyu ni muzito. Sauti inakaa." Na kweli ilikaa, chini, imetulia. Cha tatu kilikuwa cha rangi ya kahawia, si kizito, si chepesi. "Umuvugangoma." Kilitoa sauti ya duara, wazi, na nikafurahi kuisikia kwa sababu nilidhani ndiyo yetu.

Cha nne alikiinua kwa vidole viwili. Kilikuwa cheupe kama kiazi kilichomenywa. Alipokigonga hakikulia sana, lakini akanipa nikishike, akagonga tena, na kikatetemeka viganjani mwangu kama kifaranga.

"Na huyu?"

"Inua kwanza ya kwako," akasema.

Nikainua gitare ya Justin. Niliibeba mgongoni njia nzima na sikuchoka. Niliwahi kuibeba pamoja na Keza na ndoo ya maji. Nilijua kabla hajaleta bisibisi. Alifungua kile kifuniko cha nyuma, mahali ambapo rangi nyekundu haikufika, akabonyeza kwa ukucha. Alama ilibaki. Ndani palikuwa peupe.

"Umuko," akasema.

"Unadanganya."

"Maman, ni mimi nilichonga."

"Aliniambia umuvugangoma!"

"Aliniambia nikuambie hivyo, ukiuliza. Alikuwa na bega mbaya, unajua."

Nilijua. Kwa miaka alibeba mizigo ya watu mpakani, Rusizi mpaka Bukavu na kurudi, mpaka bega la kushoto likalegea. Anastazi akasema Justin alijaribu ya umuyove, hakumaliza hata wimbo mmoja. "Akaniambia, nipe muti mwepesi, na mama yangu asijue. Anaogopa umuko kama moto."

Nilitaka kumzaba marehemu kofi. Nimepita msitu ule kuja kuchukua neno la kumfungisha mtoto wangu!

"Kwa hiyo umuko unaita watu," nikasema.

"Muti hauiti muntu. Na gitare ya umeme, sauti yake kubwa iko kwa mikro. Muti unaongeza chumvi tu."

"Mikro? Siku ile mikro ya mchungaji, ile ya kusemea, ilikuwa imezimwa."

"Si hiyo." Akanionyesha kile kipande cheusi chini ya nyuzi: sumaku ndani, waya mwembamba umezungushwa mara nyingi. Kumbe hata hicho wanakiita mikro. Akalaza gitare dirishani, akaichomeka kwenye ampli yake kuukuu, akapandisha sauti, akageuka kutafuta kitu.

"Toka!" ampli ikasema. Ilikuwa ile sauti ya blanketi. "Toka hapa, shetani!"

Niliruka mpaka nikaangusha viwiliwili viwili. Dirishani nje, mke wa Anastazi alikuwa anafukuza kuku.

Anastazi alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake kikatoka kwenye ampli, kinene, kama cha mtu mwingine. Waya wa ile mikro umelegea, akasema. Haukutiwa nta, kwa hiyo unasikia kinywa kama mikro ya kanisa. Na umuko ni mti wa kutetemeka, unaisaidia kusikia. Umuyove ungeituliza. "Niichovye kwa nta ya mushumaa, itanyamaza kabisa," akasema.

"Inasikia kutoka mbali?"

"Hapana. Karibu. Kama muntu amepiga magoti hapo mbele yake."

Nikafikiri ni nani hupiga magoti mbele kuliko wote, hata mbele ya mchungaji. Nikamwambia asiiguse.

"Na ya njiani?" nikamuuliza. "Kule msituni hakukuwa na ampli. Wala upepo."

Akafuta bisibisi kwa shati. "Ya njiani sijui," akasema. Mkewe akanipa kitanda, akanipa na maharagwe.

Jumapili asubuhi lori la mbao lilinifikisha Pindura, na basi likanirudisha Kamembe. Furaha nilimkuta mlangoni pa kanisa, macho yamevimba. Akaniambia mamamkwe alikuja jana jioni na watu wake wakamchukua Keza kwa nguvu. Hawakuningoja. Tangu hapo mtoto hajala, hajanywa.

Niliingia na viatu vya matope. Keza alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele, midomo imekauka, watu wamemzunguka wanaomba. Nikamuinua. Hakuna aliyethubutu kunigusa.

"Muti gani?" Papa Samweli akauliza.

"Umuko."

Wakapiga kelele. Mtu akasema lete mafuta ya taa. Mimi nikaiegemeza gitare kwenye stendi yake, nikaichomeka, nikafungua ampli mpaka mwisho.

"Maman," nikamwambia mamamkwe, "piga magoti pale ulipokuwa siku ile. Sema ulichosema."

"Sikusema kitu. Nilikuwa naomba kimoyomoyo."

"Ulikuwa unamlilia mtoto wako. Mwite."

Alinichukia, niliona. Lakini alipiga magoti, ili anishinde mbele ya watu. Halafu midomo yake ikasogea, na sisi tuliokuwa nyuma hatukusikia kitu kutoka kwake. Tulisikia kutoka kwenye ampli: "Mwana wanjye."

Ilikuwa sauti ya Justin. Nawaambia nilivyosikia. Mama na mwana walikuwa na koo moja, nami sikuwahi kulijua hilo mpaka sauti ilipopita kwenye ule mti. Keza akanishika shingo. "Papa," akasema.

Mamamkwe akaziba kinywa kwa mikono miwili. Sauti ikakatika. Akatoa mikono, akaita tena, na Justin akaita tena. Hapo akafahamu. Hakuinuka. Aliinamisha uso mpaka paji likagusa nyuzi, akaendelea kumwita mwanawe kwa jina, na mwanawe akawa anajiita mwenyewe kanisa zima, na hakuna aliyekimbia safari hii.

Mimi nilitoka na Keza. Furaha alikuwa na viazi vitamu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye sahani, nikamketisha mtoto kwenye ngazi. Alikunywa maji kwanza.

Sasa najua miti minne kwa kuigonga. Umuko naujua hata kwa giza. Lakini walinipeleka mpaka Bweyeye kuuliza mti, nami nikaenda, kana kwamba kuna mti ambao jibu lake lingefanya njaa ya mtoto iwe halali. Mwingine akija mlangoni kwangu na swali la namna hiyo, hatanikuta natafuta basi.

Papa Samweli alitoka akasimama juu yetu. Mamamkwe alikuja nyuma yake, uso umelowa, akajikunja na kukaa kwenye ngazi ya chini, akachukua kiazi kwenye sahani yetu akaanza kukimenya.

"Maman," Papa Samweli akamwuliza mamamkwe, "mufungo tunaendelea nao ama?"

Hakumtazama. Alimpa Keza kile kiazi.

"Huoni mutoto anakula?" akasema.