Miguu ya Gari la Mama Kabula

Mnisamehe mwandiko mbaya na herufi nitakazokosea, niliishia darasa la saba.

Mama Kabula huuza dagaa minadani na hulala ndani ya gari lake. Juzi alilileta gereji kwetu Mpanda, nikambadilishia tairi.

"Mwanangu, nifunge ile miguu ya chuma ya kuegemeza gari, inayojisawazisha yenyewe, gari lisilale upande?"

Mimi ninayeogopa hata kusalimia wateja, nikajifanya fundi mkubwa. Nikaweka chungwa sakafuni ndani ya gari, likabingirika hadi mlangoni.

"Funga, mama. Utaanguka kitandani!"

Akampigia mumewe simu. "Baba Kabula, uza ng'ombe mmoja."

Bosi akainama chini ya gari. "We kijana, jeki yako bado imeliinua!"

Gereji nzima ikacheka. Nimeshindwa hata kumwomba mama radhi. Nyie mngeanzaje? Naomba mniandikie.