Nilikisugua kisu cha mama kikang'aa kama kioo, mama akaacha kumenya ndizi

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hili limenitokea mimi mwenyewe. Sio rafiki yangu, sio jirani wa shemeji yangu. Naapa kwa kibanja cha migomba cha marehemu mzee wangu kwamba sijatia chumvi. Wa Kashozi mliomo humu, nikidanganya niumbueni.

Kwetu ni Kashozi, Bukoba, ila kazi iko Muleba.

Mke wangu anasema nina upupu. Siwezi kukalia kiti dakika kumi. Nikiingia nyumba ya mtu nikaona bawaba imelegea, chai itapoa, naulizia bisibisi kwanza. Mimi nilikuwa naita uchapakazi.

Mama yuko Kashozi, analala peke yake. Presha ya macho imemaliza macho yake, anaona mwanga na vivuli tu. Jirani yetu, Mama Koku, anamsaidia maji, kuni na kuinjika sufuria.

Ila kumenya ndizi mama hajawahi kumwachia mtu. Anakaa mlangoni pa jiko, anamenya kwa kupapasa, na atakuacha mbali wewe mwenye macho mawili. Akimaliza utamsikia, "Leo nimepika." Moto kawasha Mama Koku, maji kachota Mama Koku, lakini aliyepika ni mama, na hakuna anayembishia. Ndiyo kazi pekee iliyobaki mikononi mwake.

Kisu chenyewe ni cha mhunzi, kimefuliwa kutoka springi ya lori. Yaani chuma cha kaboni, sio hivi vya stainless vya dukani. Kinanoleka kirahisi na kinakata kweli kweli, ila kutu inakipenda sana. Cha mama kilikuwa cheusi tii tangu mimi niko darasa la pili.

Sasa Jumamosi moja nikaenda kumsalimia. Mvua ikanifungia ndani. Bawaba zote nilishakaza safari iliyopita, betri za redio nilishabadilisha. Mama kalala kidogo mchana. Nikaanza kuzunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nikakiona kisu kimechomekwa ukutani jikoni. Nikajisemea, hivi mama yangu anakula na uchafu huu wote?

Unshomile, ule usomi wa kujidai wa sisi Wahaya, ukanipanda. Nikachukua steel wire, limau na msasa uliobaki siku ya kutengeneza mlango. Nikasugua saa nzima. Weusi wote ukatoka, kisu kikang'aa mpaka unaona meno yako. Nikakisuuza, nikakirudisha ukutani na maji yake. Sikumwambia mama, nilitaka iwe surprise. Nikarudi Muleba nikijiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa Kanisa Katoliki.

Jumatano Mama Koku akapiga simu.

"Waitu, huku kisu kimeota kutu. Chekundu chote. Mama yako kamenya mbili tatu akaonja, akasema ndizi zina ladha ya misumari."

Nikamuuliza Mama Koku, mama mwenyewe anasemaje. Akajibu, "Hasemi kitu."

Wakuu, ile "hasemi kitu" ilinikosesha raha. Mama yangu mimi ni mtu wa kusema. Nikapiga simu saa nne, nikapiga saa sita, nikapiga saa nane. Kila nikipiga ananiambia "niko salama" halafu anauliza hali ya watoto. Ofisini nilikuwa nainuka, nakwenda dirishani, narudi. Bosi akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa ya kutu. Ndugu zangu, ushauri mwingine humu muwe mnajaribu nyumbani kwenu kwanza. Mmoja alisema paka mafuta ya kula. Mwingine akasema mafuta ya cherehani. Wa tatu akasema kifunge kwenye nailoni hewa isiingie.

Mimi nikafanya vyote vitatu!

Jumamosi iliyofuata nikatua Kashozi na msasa mpya. Nikasugua tena mpaka kikang'aa. Nikapaka mafuta ya alizeti, juu yake ya cherehani, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni na kamba juu. Nikampa mama mkononi. Nikampa na kisu kipya cha stainless, nikamwambia hiki sasa ndicho utumie, hakina shida, kile kingine kipumzike.

Mama akaupapasa ule mfuko, akapapasa na fundo la kamba. Akasema, "Asante, mwana wange." Akauweka pembeni.

Niliona kitu usoni kwake, sitawadanganya. Lakini nilikuwa nawahi gari.

Wiki ile ndiyo ilikuwa mbaya. Mama Koku akapiga akaniambia mama ameacha kumenya kabisa. Kisu kipya hakukigusa. Anakaa palepale mlangoni, mikono mapajani, Mama Koku anamenya. Siku mbili chakula anarudisha nusu. Chakula kikiiva hasemi tena "leo nimepika."

"Na kile kisu cha zamani?" nikauliza.

"Nimefungua ule mfuko wako. Mafuta yamegeuka gundi, chini yake kutu imeanza upya. Na kinanuka cherehani. Wewe mtoto umesoma mpaka wapi?"

Sikulala vizuri, sikula vizuri. Nilikuwa nawaza mama atakaa hapo mlangoni hivyo hivyo mpaka siku yake ifike, na chanzo ni mimi na msasa wangu. Niliogopa, wakuu. Mzee akishaacha ile kazi yake moja, hata kuamka asubuhi anaona hakuna sababu.

Nikatoka ofisini nikaenda sokoni Muleba kwa muuza nyama ninayenunua kwake kila wiki. Visu vyake navyo ni vya springi, na havina kutu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, naondoka narudi, mpaka akaniambia nitulie nisije nikaangusha mzani.

"Ule weusi uliutoa?" akauliza.

"Niliutoa wote."

"Kwa nini?"

"Si ulikuwa uchafu?"

Akaweka kisu chini, akanitazama. "Bwana mkubwa, umemvua mtu koti kwenye mvua ya Bukoba, halafu unashangaa anakohoa."

Akanielekeza. Ule weusi ni utomvu wa ndizi na chuma, vimeshikana miaka na miaka, na ndio unaopunguza kasi ya kutu. Ukiutoa, chuma kinabaki uchi, unyevu wa huku ukikigusa tu kwisha. Kisu cha hivi hakilowekwi. Ukikata limau au nyanya, osha na ufute saa hiyohiyo kwa kitambaa kikavu. Kitundike pakavu penye joto la moto. Kama hakitatumika muda mrefu, pakaa mafuta ya mgando kidogo sana halafu kioshe siku ya kukitumia, na usikifunge kwenye nailoni, unafungia unyevu ndani. Mafuta ya alizeti yanaganda yananata. Ya cherehani sio ya kwenye chakula.

"Na weusi unarudije?"

"Menya ndizi," akasema. "Nyingi. Hakuna dawa nyingine."

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini. Nikafika Kashozi asubuhi, nikaosha yale mafuta yote, nikaondoa kutu taratibu kwa jivu na kitambaa, nikakikausha karibu na moto. Halafu nikakata mkungu kibanjani, nikaketi chini mlangoni pa jiko karibu na mama, nikaanza kumenya.

Kwa wasiojua, kwetu mwanaume haonekani akimenya ndizi, labda awe mpishi wa shule. Mama Koku alikuja akasimama akacheka mpaka akashika ukuta. Akaenda kuwaita wengine. Nikaendelea. Nilimenya vibaya, maganda mazito, utomvu mpaka kwenye viwiko. Na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sikutamani kuinuka.

Mama alisikiliza kisu kinavyokwaruza ganda.

"Hicho ni kile changu," akasema kwa Kihaya, nawatafsiria. "Unakirudisha kazini?"

Hapo nikavunjika. Nikamwambia ni mimi niliyekisugua, mara zote mbili, kwamba nilidhani weusi ni uchafu, kwamba utomvu utaurudisha.

"Najua ni wewe," akasema. "Nani mwingine hawezi kukaa?"

Nikamuuliza, sasa kama ulijua, mbona uliacha kumenya?

 Akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Baba yako alipotutoka, vitu vyake nilivisugua hivyo hivyo. Panga lake, nyembe zake, mkasi. Nikavipaka mafuta, nikavifunga kwenye mfuko, nikafunga kamba. Uliponipa ule mfuko, nikasema haya, mwanangu ameanza mapema."

Wakuu, mimi ni mtu mzima nina watoto watatu. Nililia palepale na mikono ya utomvu nashindwa hata kufuta macho. Mama Koku aliacha kucheka akaondoka na watu wake.

Mama akanyoosha mkono. Nikampa kisu. Akapitisha kidole gumba ubapani, akasema, "Umekila sana, kimekuwa chembamba." Akavuta ndizi akaanza kumenya.

Mchana tulikula. Nilikuwa namtazama mdomo tu. Alipomaliza sahani yake akasema, "Leo nimepika. Mwanangu kaharibu maganda."

Sasa hivi kila Jumamosi niko chini pale, namenya kilo za kutosha. Weusi umeanza kurudi kwa madoa ya bluu bluu. Nilitaka kuuharakisha kwa siki, nikajizuia.

Nilichojifunza mimi: kitu cha mzazi usikisafishe, usikibadilishe, usikifunge, kabla hujamuuliza mwenye nacho. Nusu ya wema niliokuwa namfanyia mama ulikuwa upupu wangu mwenyewe natafuta pa kujikunia.

Wenye visu vya springi, semeni ninyi mnavitunzaje. Na wenye povu leteni, ila msiniambie ninunue stainless. Nilishanunua moja mpya, mama amempa Mama Koku akatie majani ya ng'ombe.